Owain Glyndŵr, Bwana wa Ngome ya Harlech

Ukishuka kwenye treni katika kituo cha Harlech, pwani ya magharibi ya Wales, huna haja ya kumwuliza mtu ngome iko wapi. Inua kichwa tu. Iko pale juu, kwenye jabali la karibu mita 60, na minara yake minne ya mviringo na kuta zake za mawe ya kijivu. Mapaa hayapo tena. Sakafu za mbao ziliisha zamani. Ndani ya vyumba vya wakubwa pameota majani, na wapangaji wake sasa ni ndege. Sisi tuna neno letu kwa mahali kama hapa: magofu. Bila shaka umewahi kuwasikia wazazi wakitaja magofu ya Gede au ya Kilwa. Haya nayo ni magofu, ila ya nchi ya baridi.

Wengi wenu mnasoma shule za Uingereza, na katika somo la historia mnasikia habari za wafalme wengi wa Kiingereza. Leo tunataka ukutane na mtu ambaye wafalme wawili wa Kiingereza, baba na mwana, walimtafuta kwa miaka 15 wasimpate. Jina lake ni Owain Glyndŵr. Litamke hivi: O-wain Glin-duur. Kwa miaka kadhaa ngome hii ilikuwa nyumba yake, ya mke wake, ya watoto wake na ya wajukuu zake.

Ngome ilijengwa ili kumlinda nani?

Kabla ya kumfahamu Owain, ifahamu kwanza nyumba. Harlech haikujengwa na Wawelshi. Ilijengwa na Edward I, mfalme wa Uingereza, baada ya kuishinda Wales. Mtawala wa mwisho wa Wales iliyokuwa huru, Llywelyn ap Gruffudd, aliuawa Desemba 1282. Mwaka uliofuata mafundi wakaanza kuchonga mawe hapa Harlech, chini ya fundi mkuu aliyeitwa James wa Saint George, mtu wa Savoy. Kiangazi cha 1286 kulikuwa na karibu watu 950 kazini: waashi, wachimba mawe, maseremala, wahunzi na vibarua. Mwaka 1289 kazi ilikwisha, na gharama yake ilikuwa kiasi cha pauni 8,190, fedha nyingi mno kwa zama hizo.

Ukiwa chini ya jabali, tazama zile ngazi zinazopanda upande wa bahari. Ziko 108. Zamani bahari ilifika karibu na mguu wa jabali, na vyombo viliweza kuleta chakula hata kama nchi yote kavu ilikuwa mikononi mwa adui. Leo bahari imerudi nyuma, na pale palipokuwa na maji pana nyumba, reli na vichuguu vya mchanga. Lakini elewa hesabu ya mfalme: ngome inayolishwa na bahari haiwezi kufa njaa kirahisi.

Kando ya ngome kama hizi mfalme alianzisha miji, akawaleta Waingereza wakae humo. Wao walipewa haki za biashara na vyeo. Wawelshi, wenye nchi, walibaki nje ya kuta, wakilipa kodi na kuhukumiwa katika mahakama ambazo wakubwa wake walikuwa wageni. Kwa hiyo ukiuliza ngome ilijengwa ili kumlinda nani, jibu ni kwamba iliwalinda wageni dhidi ya wenyeji.

Mwana wa nyumba ya neema

Owain alizaliwa katika miaka ya 1350. Kwa upande wa baba alitoka katika ukoo wa watawala wa Powys, na kwa upande wa mama katika ukoo wa watawala wa Deheubarth, kusini. Alifiwa na baba yake angali kijana. Akapelekwa London kusomea sheria, kama vijana wengi wa nyumba kubwa wanavyopelekwa mjini hata leo. Alijifunza Kiingereza na desturi za wakubwa wa Kiingereza, na alipokuwa mtu mzima alikwenda vitani Scotland katika jeshi la mfalme Richard II.

Ukimtazama wakati ule ungesema huyu ni mtu aliyefanikiwa ugenini. Alimwoa Margaret Hanmer, binti wa hakimu mkubwa wa mahakama ya mfalme, wakajaliwa watoto wengi. Nyumba yao ilikuwa Sycharth, karibu na mpaka wa Uingereza: nyumba ya mbao juu ya kilima kidogo, imezungukwa na handaki la maji, yenye kinu, kidimbwi cha samaki, kibanda cha njiwa na uwanja wa kulungu. Mshairi Iolo Goch aliisifu nyumba hiyo kwa ukarimu wake, kwamba mgeni hakufungiwa mlango na hakuna aliyeondoka na njaa. Katika nyumba hiyo watu walizungumza Kiwelshi. Owain alikuwa na lugha mbili, ya kazini na ya nyumbani, na hakuitupa hata moja. Wewe unayesoma Kiswahili Jumamosi na Kiingereza Jumatatu unamwelewa vizuri.

Ugomvi wa shamba unakuwa vita

Jirani yake, Reginald Grey, bwana wa Ruthin, alikuwa Mwingereza mwenye nguvu na rafiki wa mfalme mpya, Henry IV, aliyemnyang'anya Richard kiti mwaka 1399. Owain na Grey waligombania ardhi. Owain, msomi wa sheria, alitafuta haki yake kwa njia ya sheria, lakini hakusikilizwa. Sheria aliyoisomea kwa miaka ikamgeuzia kisogo.

Tarehe 16 Septemba 1400, akiwa mtu wa zaidi ya miaka 40, umri ambao wengi hufikiria kupumzika, aliwakusanya ndugu na marafiki pale Glyndyfrdwy. Wakamtangaza kuwa Mtawala wa Wales. Kwa Kiwelshi cheo hicho ni Tywysog, neno lenye maana ya mtu anayeongoza njia. Mfalme alikuwa amekwisha kumpa mwanawe cheo hicho hicho, na hadi leo hupewa mrithi wa kiti cha Uingereza. Kwa hiyo kutamka neno lile moja kulikuwa ni kutangaza vita. Siku mbili baadaye mji wa Ruthin ulikuwa ukiwaka moto.

Mwanzoni mfalme alidhani ni fujo ndogo. Lakini ndugu wawili wa ukoo wa Owain, Rhys na Gwilym ap Tudur, wakafanya jambo lililowashangaza wote. Ijumaa Kuu ya mwaka 1401, askari wa ngome ya Conwy walipokuwa kanisani, watu wao walifika langoni wakijifanya maseremala waliokuja kazini. Walipofunguliwa, wakaiteka ngome. Ngome iliyomgharimu mfalme maelfu ya pauni ilichukuliwa kwa hila. (Kumbuka jina hilo, Tudur. Kutoka katika ukoo huo alizaliwa baadaye mfalme Henry VII, na Elizabeth I alikuwa mjukuu wake.)

Bunge la Uingereza lilijibu kwa sheria kali mwaka 1401 na 1402. Mwelshi asinunue ardhi katika miji ya Waingereza. Asibebe silaha mjini. Asishike cheo kikubwa. Wawelshi wasikusanyike bila ruhusa. Hata Mwingereza aliyemwoa mke wa Kiwelshi alipoteza haki zake za cheo. Fikiria jambo hilo ukiwa mtoto wa wazazi wa mataifa mawili.

Mwaka huo wa 1401 Bunge lilisikia habari nyingine iliyowatia hofu. Wanafunzi wa Kiwelshi waliokuwa Oxford na Cambridge walikuwa wakiacha masomo na kurudi kwao. Vibarua wa Kiwelshi katika mashamba ya Uingereza nao walikuwa wakiwaacha matajiri wao na kurudi kwao wakiwa na silaha. Watu waliokwenda ugenini kutafuta elimu na riziki walikuwa hawajaisahau njia ya nyumbani.

Miaka ya ushindi

Mwaka 1402 ulikuwa mwaka wa Owain. Nyota yenye mkia ilionekana angani, na Wawelshi wakasema ni dalili njema. Alimkamata Grey mwenyewe, yule jirani, na mfalme akalazimika kulipa fidia kubwa ili aachiliwe. Tarehe 22 Juni, kwenye kilima cha Bryn Glas, watu wake walilishinda jeshi kubwa la Kiingereza na kumteka kiongozi wake, Edmund Mortimer. Mfalme hakutaka kumkomboa Mortimer, kwa sababu ukoo wake ulikuwa na haki ya kudai kiti cha enzi. Basi Mortimer, alipoona mfalme wake amemtupa, akahamia upande wa Owain na kumwoa binti yake, Catrin.

Mfalme Henry IV aliingia Wales na majeshi mara kwa mara, na mara kwa mara alirudi mikono mitupu. Septemba 1402 mvua na upepo viliwapiga askari wake vibaya hata hema la mfalme likaanguka. Waingereza wakaanza kunong'ona kwamba Owain ni mchawi anayeamrisha hali ya hewa. Karibu miaka 200 baadaye Shakespeare aliutumia uvumi huo alipomweka Owain katika tamthilia yake ya Henry IV. Ukweli ni kwamba Owain alizijua njia za milima yake, na mfalme hakuzijua.

Mwaka 1404 ngome mbili kubwa za pwani, Aberystwyth na Harlech, zilianguka mikononi mwake. Harlech haikuangushwa kwa mawe ya kurushwa. Ilizingirwa mpaka askari waliobaki ndani wakawa wachache sana, baadhi yao wakiwa Wawelshi wenyewe, na chakula kikawaishia.

Sasa panda ngazi, msomaji, uingie. Ukipita lango kuu, lile jengo nene lenye minara pacha, tazama juu utaona mahali pa madirisha makubwa na meko. Hivyo ndivyo vyumba vilivyokuwa bora kuliko vyote ngomeni. Ngome iliyojengwa ili Mwelshi abaki nje sasa ilikuwa na Mwelshi ndani, pamoja na familia yake. Owain hakuwa na mahali pengine pa kuwaweka. Mwaka 1403 mwana wa mfalme, kijana wa miaka 16, alikuwa amekwenda Sycharth na kuichoma ile nyumba ya ukarimu yote, kisha akaichoma na nyumba ya pili ya Glyndyfrdwy.

Owain aliitisha bunge Machynlleth mwaka 1404, na jingine hapa Harlech mwaka 1405. Alituma wajumbe Ufaransa wakafunga mkataba na mfalme wa huko. Mwaka 1405 Wafaransa walishuka Milford Haven, wakatembea pamoja na watu wake hadi karibu na mji wa Worcester, ndani ya Uingereza. Hapo majeshi mawili yalitazamana, halafu yakaachana bila vita kubwa. Ndipo maji yalipofika kilele, yakaanza kupwa.

Barua kutoka Pennal

Machi 1406, kutoka kijiji cha Pennal, kusini mwa Harlech, Owain alimwandikia barua mfalme wa Ufaransa, Charles VI. Iliandikwa kwa Kilatini, na mpaka leo imehifadhiwa Paris. Wakati ule Wakristo wa Ulaya walikuwa na mapapa wawili, mmoja Roma na mwingine Avignon, na kila mfalme alichagua wa kumfuata. Owain alikubali kumfuata yule wa Avignon aliyeungwa mkono na Wafaransa, lakini aliweka masharti yake.

Hebu fikiria: wewe ni kiongozi wa nchi ndogo iliyo vitani. Nyumba yako imechomwa. Mwaka uliopita ndugu yako Tudur ameuawa vitani, na mwanao Gruffudd ametekwa na kufungwa London. Unapata nafasi ya kuomba mambo machache tu. Utaomba nini? Askari? Mizinga?

Katika masharti ya Owain mlikuwa na haya mawili. La kwanza, wanaopewa kazi za kanisa katika Wales wawe watu wanaojua Kiwelshi, ili mwumini wa kawaida asihubiriwe kwa lugha asiyoielewa. La pili, Wales iwe na vyuo vikuu viwili vyake yenyewe, kimoja kaskazini na kimoja kusini, ili kijana asilazimike kuhama nchi ndipo aelimike. Yeye mwenyewe alikuwa amehama. Alijua gharama yake.

Hakuna lililotimia katika uhai wake. Wafaransa walikuwa na shida zao, na msaada ulikoma.

Upande mwingine wa hadithi

Shuleni kwetu hatupendi kuwaeleza watoto habari za mashujaa kana kwamba walikuwa malaika, kwa hiyo lazima tuseme na haya. Vita vya Owain viliwaumiza Wawelshi pia, pengine kuliko mtu yeyote. Yeye mwenyewe alichoma miji na mashamba ya waliokataa kumfuata. Kanisa kuu la St Asaph, la watu wake mwenyewe, liliteketezwa na jeshi lake mwaka 1402. Cardiff ilichomwa. Mfalme naye akija huchoma kilichobaki. Wakulima wengi walipoteza mifugo, vinu na madaraja, na ilichukua miaka mingi nchi kurudi ilivyokuwa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: wakubwa wawili waligombana, na mwenye shamba dogo akalala njaa.

Ukisimama juu ya ukuta wa Harlech ukitazama milima ya Eryri upande mmoja na bahari upande wa pili, mandhari ni nzuri mno. Ni rahisi kusahau kwamba miaka ile moshi ungeonekana kutoka hapo hapo.

Ngome inaanguka

Yule mwana wa mfalme aliyechoma Sycharth alikua akawa jemadari hodari. Baadaye alitawala akiitwa Henry V. Hakurudia kosa la baba yake la kumfukuza Owain milimani. Alichukua ngome moja baada ya nyingine kwa subira, akizipiga kwa mizinga na kuziba njia za chakula. Aberystwyth ilisalimu amri mwaka 1408. Harlech ilizingirwa katika baridi kali, na mapema mwaka 1409 nayo ikaanguka. Zile ngazi 108 hazikusaidia, kwa sababu safari hii Owain hakuwa na merikebu za kuleta chakula.

Owain hakuwamo siku ile. Mkwewe, Edmund Mortimer, alikufa wakati wa mzingiro. Margaret, mke wa Owain, alikamatwa pamoja na mabinti zao na wajukuu. Wakapelekwa London, kwenye Mnara ambao leo watalii hupanga foleni kuutazama. Gruffudd, mwana aliyetekwa vitani, alifia kifungoni. Catrin na binti zake wawili walikufa mwaka 1413, wakazikwa katika kanisa la St Swithin.

Kama unaishi London huna haja ya kusafiri mbali kumkumbuka Catrin. Kanisa lile halipo tena, lakini karibu na Cannon Street pana bustani ndogo mahali lilipokuwa, na ndani yake pana jiwe la ukumbusho. Liliwekwa mwaka 2001 kwa ajili yake, na kwa ajili ya wanawake na watoto wote wanaoteseka kwa vita. Wafanyakazi wa maofisi hula chakula chao cha mchana pale. Mama na baba, wapelekeni watoto siku moja. Katika hadithi za ngome na mapanga, jiwe lile linakumbusha ni nani aliyelipa.

Mtu aliyepotea

Owain aliendelea kujificha milimani. Mwaka 1412 watu wake walimkamata Dafydd Gam, Mwelshi aliyekuwa upande wa mfalme, wakamwachilia kwa fidia. Baada ya hapo hapana habari ya uhakika ya aliyemwona. Mwaka 1415 Henry V alituma mjumbe kutoa msamaha. Owain hakujitokeza kuupokea. Inaaminika alikufa karibu na mwaka huo. Mwanawe Maredudd alikubali msamaha mwaka 1421, na hapo ndipo wengi huhesabu kuwa hadithi imekwisha.

Wako wanaosema alimalizia siku zake katika nyumba ya binti yake Alys, aliyekuwa ameolewa na Mwingereza mpakani, Herefordshire. Kaburi lake halijapatikana. Lakini kuna jambo moja la kushangaza kuliko kaburi. Kwa miaka mingi mfalme alikuwa tayari kumlipa vizuri mtu yeyote atakayemtoa, na nchi ilikuwa imechoka na ina njaa. Hakuna aliyemuuza. Hata wale aliowachomea mashamba walinyamaza.

Kilichobaki

Barua ya Pennal ilingoja. Mwaka 1588 Askofu William Morgan alichapisha Biblia nzima kwa Kiwelshi, na watu wakasali na kujifunza kusoma kwa lugha yao. Mwaka 1872 chuo kikuu kilifunguliwa Aberystwyth, ule ule mji wa ngome ya Owain, katika jengo la hoteli lililokuwa halijakamilika, kikiwa na wanafunzi 26. Fedha nyingi za kukiendesha zilichangwa na watu wa kawaida, senti kwa senti, makanisani. Cardiff ikafuata mwaka 1883 na Bangor mwaka 1884. Ombi la vyuo viwili lilichelewa zaidi ya miaka 450, likajibiwa kwa vitatu.

Njiani lugha ilipigwa sana. Katika karne ya 19, katika shule nyingi za Wales, mtoto aliyesikika akisema Kiwelshi alivishwa kibao shingoni, na aliyekuwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Wazazi waliosoma Kenya huenda wanatabasamu hapa, maana wengi wao walikiona kibao cha namna hiyo kwa macho yao wenyewe.

Leo, kwa sensa ya 2021, zaidi ya watu 538,000 katika Wales husema Kiwelshi, na Gwynedd, jimbo la Harlech, zaidi ya nusu ya watu wanakijua. Vibao vya barabarani vimeandikwa kwa Kiwelshi, na shuleni watoto hufundishwa hesabu na sayansi kwa lugha hiyo. Owain hakufanya hayo peke yake, na vita vyake havikuyafanya. Yalifanywa na mama waliobembeleza watoto kwa Kiwelshi, na watoto waliokubali kujibu kwa lugha hiyo hiyo hata pale Kiingereza kilipokuwa rahisi zaidi.

Ukienda Harlech

Nenda siku isiyo na mvua, ukibahatika. Vaa viatu visivyoteleza. Mwenye kigari cha mtoto, au bibi na babu wasioweza ngazi, wanaweza kuingia kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2015 upande wa mjini. Ukienda karibu na tarehe 16 Septemba, utaikuta Siku ya Owain Glyndŵr, na bendera yake yenye simba wanne, nyekundu na njano.

Ukishamaliza kuzunguka ukuta, shuka mjini ukanunue aiskrimu. Simama kidogo dukani, usikilize. Mwenye duka na jirani yake watakuwa wanazungumza Kiwelshi, habari za kawaida tu, bei na mvua na nani amejifungua. Mfalme alijenga ngome ili sauti ile ififie. Ngome haina paa, na wao wanaendelea na mazungumzo yao.

Mwambie Bore da, yaani habari za asubuhi. Akikupa aiskrimu mwambie Diolch, yaani asante. Akiuliza wewe nyumbani unasema lugha gani, mwambie, na umfundishe maneno mawili matatu.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Owain angeweza kuomba askari, akaomba pia vyuo na lugha. Wewe ungeomba nini kwa ajili ya watu wako?

2. Je, mtu aliyechoma kanisa la watu wake anaweza kuitwa shujaa? Kila mmoja mezani atoe sababu zake.

3. Waulize wazazi: shuleni kwao, mtoto aliyesema lugha ya nyumbani alifanywa nini? Andika jibu kwa Kiswahili, ulilete darasani Jumamosi.